Tangazo la 70,000: hesabu yake iko kwenye meseji

Muuzaji wa Instagram akikosa wateja, cha kwanza anachogusa ni tangazo. Anabadilisha picha, anaongeza bajeti, kesho yake analizima. Mimi naanza na daftari.

Chukua raba unayoinunua Kariakoo kwa bei ya jumla ya 28,000 na kuiuza 45,000. Mfuko na nauli ya kuitoa dukani tuseme 2,000. Kabla ya tangazo, kila jozi inakuachia 15,000. Sasa umeweka tangazo la 10,000 kwa siku kwa siku 7, jumla 70,000, likaleta meseji 70. Kila meseji imekula 1,000.

Wakinunua 7, wiki imekuachia 35,000. Wakinunua 14 katika meseji zilezile 70, unabaki na 140,000: oda zimeongezeka mara mbili, faida mara nne, na tangazo hujaligusa. Wakinunua 4, umepata hasara ya 10,000 hata kama simu imelia wiki nzima. Hili Ads Manager, yaani ukurasa wa kusimamia matangazo ya Instagram, haitakuonyesha, maana inahesabu mazungumzo yaliyoanza. Ndiyo maana daftari liwe na safu nne kwa kila siku: pesa ya tangazo, meseji, oda, pesa iliyoingia.

Oda hizo saba za ziada zinapotelea wapi? Kwanza kwenye "bei njoo inbox". Huwa sielewi anayeficha bei anamficha nani. Iandike kwenye mstari wa kwanza wa posti, kwa sababu Instagram hukata maelezo baada ya herufi 125 hivi. Aliyeona 45,000 na bado akaandika ni mnunuzi. Asiyeiweza hatakula muda wako.

Pili ni jibu lenyewe. Mteja anauliza "Ipo?", unajibu "Ndiyo ipo", mazungumzo yamekufa hapo. Jibu libebe hatua inayofuata: "Ipo dada, namba 38 hadi 41. Unavaa ngapi, na uko maeneo gani nikuangalizie nauli ya boda?" Kwenye WhatsApp Business lihifadhi kama jibu la haraka, uliite kwa kuandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Nafasi zipo 50, lakini matano yanatosha: saizi, nauli kwa maeneo, mzigo wa mkoani, malipo, kubadilisha saizi.

Kisha weka lebo kwenye mazungumzo: Ameuliza, Mwisho wa mwezi, Amelipa, Amepokea. Hiyo ya pili, ya waliosema watanunua mwisho wa mwezi, ndiyo watu huiacha, na ndiyo yenye pesa. Ikifika tarehe 25 ifungue, umtumie kila mmoja picha ya kiatu alichokiulizia, si picha ya mzigo mpya.

Tatu ni hofu ya kutapeliwa, na ipo pande zote mbili. Wa mkoani lazima atangulize pesa, hivyo mrekodie video fupi ya kiatu chake, karatasi yenye jina lake ikiwa pembeni, na baada ya kupakia mtumie picha ya risiti ya basi. Wa mjini anayetaka kulipa akipokea, mwambie atangulize nauli ya boda tu. Anayekataa hata hiyo, mara nyingi boda akifika hapokei simu. Na usitoe mzigo kwa picha ya meseji ya muamala, kwani meseji hutengenezwa. Angalia salio la lipa namba yako.

Kuhusu tangazo lenyewe nina machache. Mfumo wa Meta, wenye Instagram, unahitaji takriban matokeo 50 (hapa ni meseji) ndani ya wiki ili utulie na kujua watu wa kuwatafuta. Kwa 10,000 kwa siku na meseji moja kwa 1,000, unafika. Ukiigawa bajeti hiyohiyo kwenye makundi manne ya walengwa, kila kundi linapata meseji 17 au 18 kwa wiki na hakuna linalotulia. Kubadilisha walengwa au picha kila asubuhi kunairudisha hesabu hiyo mwanzo, kwa hiyo liache siku 7. Na kama hutumi mkoani, chagua Dar es Salaam peke yake.

Aliyekwisha kununua humlipii tangazo tena, ila kuna sharti moja. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list, ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi) huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Status nayo inataka nyote wawili muwe mmehifadhiana namba. Mwombe aihifadhi wakati ule anaposema "Nimepokea, asante", kwa kumpa sababu: "Hifadhi namba hii dada, saizi yako ikiingia uione kwanza." Usimwingize kwenye grupu bila kumuuliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya hapo, mtu aliyeamshwa na grupu asilolijua hublock namba, na huyo hata tangazo la kulipia halimrudishi.