Upele wa dawa ukipona, sukari bado ya kutazamwa

Assalam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo nna jambo moja na naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie wenye wagonjwa wa kifafa majumbani na nyie wauzaji wa maduka ya dawa, maana nyie ndio mnaoulizwa mwanzo kabla yetu sisi madaktari wa kisukari.

Tuseme kijana wa Konde kaanzishiwa dawa ya kifafa, kabamazepini. Wiki ya tatu anashikwa na homa, uso unamvimba mpaka macho hayafunguki vizuri, vipele mwili mzima, matezi ya shingo yanatoka. Anapelekwa spitali, dawa inasimamishwa, anatibiwa, ngozi inababuka pole pole na anarudi nyumbani watu wanamshukuru Mungu. Sasa baada ya wiki chache ndo inakuja ile ya pili, anaanza kama mtu mwenye mafua, mwili unauma, alafu kiu, kiu ya kumaliza jagi zima la maji na bado anataka, anakwenda haja ndogo usiku kucha, tumbo linamkata na kila anachokula anatapika. Nyumbani wanasema tumbo limechafuka, au ile dawa bado imo mwilini, na kwa kuwa hana nguvu anakorogewa glukosi, anapewa na soda anywe kidogo kidogo. Siku ya nne anahema kama mtu aliyekimbia na akiitwa haitiki.

Hiyo ni sukari. Sio sukari ile tuliyoizoea ya mtu mzima inayokuja kwa miaka, hii imekuja kwa siku, na glukosi aliyopewa kwa huruma imezidi kumpandisha.

Mwaka 2000 madaktari wa Japani, Akihisa Imagawa na Toshiaki Hanafusa na wenzao, waliandika habari za wagonjwa 11 wa sukari ya ghafla namna hii, na baadae walipokusanya wengine nchi nzima wakapata 161. Walichokiona kinatisha, tokea dalili za sukari kuanza mpaka mtu kufika hali mbaya ilikuwa wastani wa siku 4 na kidogo, na zaidi ya theluthi mbili yao walitanguliwa na dalili kama za mafua. Ni aina ya kwanza ya kisukari lakini ile kali ya ghafla kabisa. Ni nadra, nalisema wazi ili watu wasihangaike, na waliogunduliwa wengi ni wa Asia ya Mashariki, na mwenye kutoka vipele vya dawa mara nyingi anapona na mambo yanaishia hapo. Lakini nadra si sawa na hakuna, na dalili zake ni zile zile za aina ya kwanza ya kawaida ambayo watoto na vijana wetu wanayo hapa hapa, kwa hivo ukizijua hizi umezijua zote.

Inakuaje dawa ya kifafa ikaishia kwenye sukari? Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vidogo vya seli, mwanafunzi wa Kijerumani Paul Langerhans ndie aliyevieleza mwaka 1869, na mpaka leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Humo ndo mnatengenezwa insulini inayofungua mlango sukari iingie kwenye misuli. Sasa kuna kirusi, cha jamii ya herpesi namba 6, ambacho karibu kila mtu anakipata utotoni, anapata homa siku chache anapona, kirusi hakitoki, kinalala tu mwilini. Ile aleji kali ya dawa niliyoisema, yenye homa na uso kuvimba na ini kuguswa, inaivuruga kinga ya mwili, na wiki mbili tatu tokea vipele vianze kirusi kile kinaamka. Wataalamu wanaona hapo kirusi na kinga iliyochafuka vinashirikiana na visiwa vile vinateketea kwa siku chache, na sio kirusi hicho peke yake, vya matumbo kama koksaki navyo vimeshukiwa kwa wagonjwa wasiokuwa na aleji yoyote. Urithi nao una sehemu, ndo maana watu wawili wanameza dawa moja na mmoja tu ndie anaeumwa.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa aleji hii ni hizo za kifafa, kabamazepini, fenitoini na fenobabitali, tena alopurinoli ya jongo, na dawa za salfa kama septrini. Jamani, msije mkasoma hapa mkazitupa dawa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na septrini inaokoa maisha ya watu wengi. Ninachosema ni hiki: ukianzishiwa mojawapo, zile wiki 2 mpaka 6 za mwanzo ndo za kutazama, na ikija homa pamoja na vipele au uso kuvimba unakwenda spitali siku ile ile na pakiti ya dawa mkononi, sio kesho, na sio kununua dawa ya kuwasha dukani ukajipaka.

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo hata sisi wa afya tunapoteleza. Mgonjwa wa aleji hii mara nyingi anapewa prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga, na prednisoloni yenyewe inapandisha sukari, basi sukari ikionekana imepanda mtu anasema ah ni prednisoloni hiyo, itashuka. Pengine kweli. Lakini sukari ya prednisoloni kwa kawaida haimtapishi mtu na haimfanyi kuhema vile, kwa hivo mpimeni mkojo kama una ketoni, yaani asidi inayojaa mwilini insulini ikikosekana, kipimo cha kijikaratasi tu cha dakika moja, na zikiwepo msisubiri chochote.

Mtelezo wa pili ni kile kipimo tunachokiita sukari ya miezi mitatu. Wanawake wanaosuka mikeka watanielewa haraka. Miyaa ukiitia kwenye sufuria ya rangi ukaitoa hapo hapo inatoka imepauka, mpaka ichemke ikae ndo inashika. Sukari nayo inashika kwenye chembe nyekundu za damu vivo hivo, pole pole, na kipimo hiki kinasoma ile iliyoshika kwa wiki nyingi zilizopita. Mtu ambaye sukari yake imepanda juzi, chembe zake bado zimepauka, majibu yanatoka karibu na ya mtu mzima wa afya, kwenye wale 11 wa mwanzo wastani ulikuwa asilimia 6.4 wakati sukari yenyewe iko juu kupita kiasi. Atakaeangalia karatasi ile tu atamrudisha nyumbani mtu mahututi. Kinachosema kweli siku ile ni tone la damu ya kidole. Wajapani waliweka alama ya 16 (milimoli kwa lita, mmol/L) na kwenda juu, na mashine nyengine inaandika HI, maana yake sukari imepita pale inapoweza kusoma, ukiliona neno hilo ni gari na spitali, hakuna kurudia rudia kupima kutwa.

Na tumbo lisiwapoteze. Katika ugonjwa huu kongosho lenyewe linachokozeka, maumivu yanakuwa ya kweli, ndo mtu anatibiwa vidonda vya tumbo au taifodi siku mbili nzima, na zile siku mbili ndo alizokuwa nazo. Kuhema kule kuzito nako kunaitwa pumu, na kuropokwa kwake watu wanaanza kutafuta wa kumsomea. Msomeeni, mie siwakatazi, lakini msomeeni njiani ndani ya gari. Kama mnanusa mdomo unatoa harufu tamu ya matunda yaliyoiva mpaka yakaharibika, hiyo asidi imeshajaa kwenye damu. Mwezi wa Ramadhani ni mgumu zaidi kwa sababu kiu ya kila mtu ni ya kawaida, ila kiu ya funga inakatika kwa futari, hii haikatiki, na mtu anaamka usiku mara tano sita kukojoa.

Mama mjamzito nae nimtaje, aina hii ya ghafla imeonekana kwa wajawazito hasa mimba ikiwa kubwa au mara tu baada ya kujifungua, na mtoto tumboni anaweza kupotea kwa muda mfupi sana. Mjamzito anaetapika miezi ya mwisho apimwe kidole, asiambiwe ni mimba tu.

Akifika kwa wakati tiba ipo na inajulikana: maji ya dripu kwa wingi, insulini, na madini ya potasiamu yanayofuatiliwa kwa karibu. Wengi wanainuka ndani ya siku chache. Swali linalofuata kutoka kwa wazee huwa ni hili, je akichoma sindano miezi miwili mitatu si ataacha? Hapana mama, hapana baba. Visiwa vile vimeteketea, insulini ataihitaji maisha yake yote, na habbasoda au mizizi haitoi insulini, akikosa sindano siku moja mbili anarudi pale pale alipokuwa. Kwenye cheti chake muandikiwe jina la dawa iliyomdhuru, mlihifadhi nyumbani na alijue yeye mwenyewe kwa moyo, kwa sababu akiipewa tena aleji inarudi kwa kasi kubwa kuliko mara ya kwanza, na dawa za kifafa zina udugu, aliyedhurika na kabamazepini anaweza kudhurika na fenitoini pia, amwambie kila daktari. Na kama nyumbani hakuna friji, chupa za insulini zitieni kwenye mfuko usiopita maji muziweke ndani ya chungu cha udongo kilichotiwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga ulioloa, kivulini penye upepo, na mchanga mnautia maji asubuhi na jioni.