Kutua Wilson mchana: amini sindano, si macho

Noti 65 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) kwenye sindano ya mwendo ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hazina maana ileile Ukunda, pwani ya Kenya, na Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi. Pwani, pasipo upepo, ardhi inapita chini yako kwa noti 67 hivi. Wilson iko juu ya futi 5,500, na mchana wa nyuzijoto 26 hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 8,000. Sindano, kama mabawa, huhisi msukumo wa hewa, kwa hiyo hapo noti 65 za sindano ni 73 za kweli, na ndege ikishatua itakimbia kwa magurudumu umbali unaozidi ule wa pwani kwa karibu moja ya tano.

Rubani aliyezoea pwani anaona lami ikimkimbilia, anadhani amezidisha mwendo, anavuta pua juu. Akifanya hivyo kwenye kona ya mwisho, amepita mstari wa ranwei na anailaza ndege kuurudia, yuko pabaya: mlalo wa nyuzi 45 peke yake hupandisha kwa asilimia 19 mwendo ambao mabawa huacha kubeba. Kosa hilo huua, kwa sababu chini hakuna futi za kujiokolea.

Mwingine hujiongezea noti kumi "za usalama". Ndege inaelea, ranwei inaisha, naye anaisukuma ishuke. Gurudumu la mbele linagonga kwanza, pua inaruka. Anasukuma tena, lakini mkono wake umechelewa kidogo, kwa hiyo kila mdundo unazidi uliotangulia, mpaka propela inapiga lami. Tafadhali, usiufukuze mdundo. Ukiwa mdogo, shikilia pua palepale na uongeze nguvu kidogo. Ukiwa mkubwa, weka nguvu yote, rudisha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) hadi nyuzi 20, upae upya.

Na nguvu hiyo lazima iwepo. Orodha ya ukaguzi husema mchanganyiko wa mafuta uwe tele kabla ya kutua. Kwa injini isiyo na tabo (pampu ya kuiongezea hewa), kwenye hewa ya Nairobi, mafuta yanazidi na injini inakohoa wakati unaihitaji zaidi. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko huo, kama unavyofanya kabla ya kupaa kutoka Wilson.

Baada ya pua kugonga kwa kishindo, hasa kwa Cessna 182, usiondoke na ndege. Inama na tochi penye pedali, utazame ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Bati likiwa na mikunjo au ribiti (pini zinazobana bati) zimelegea, ndege ni ya fundi.