Jahazi, bendera na namba kwenye tanga: tunayodanganyana kuhusu bandari ya Unguja

Watu wakiiona picha ya zamani ya Malindi, Unguja, majahazi yamebanana mpaka unaona unaweza kuvuka kwa miguu, kuna neno halikosi kusemwa: eti kabla ya Mwingereza pale hapakuwa na sheria, nahodha anatia nanga anapotaka anashusha anachotaka. Wapi! Forodha ilikuwepo na ilikuwa kali. Seyyid Said alikuwa anaikodisha, yaani tajiri anamlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka halafu ushuru wote anaokota yeye, faida yake hasara yake. Jairam Shivji, mtu wa Kutch, ameishika forodha hiyo miaka na miaka, baadae wakaja kina Ladha Damji na Taria Topan. Mkataba wa Wamarekani wa 1833 na wa Waingereza wa 1839 iliweka ushuru wa mzigo unaoshushwa kuwa asilimia 5. Sasa mtu anayekula kwa hiyo asilimia 5, kweli atalala jahazi linashusha gizani? Mwingereza alichokuja nacho ni karatasi, tutafika huko.

"Manowari za Mwingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa tu." Hapa pana ukweli nusu. Biashara ya watumwa ilikuwepo, kubwa na ya kinyama, tusijifiche, na mkataba aliotia saini Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873 ndio uliopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari na kufunga soko la Unguja. Lakini angalia hao wanamaji walivyokuwa wanalipwa. Serikali yao inawapa bakshishi ya pauni 5 kwa kila mtumwa waliyemkomboa, na chombo kikiwa hakina mtu ndani basi kinahesabiwa kwa tani zake. Halafu chombo wakisema hakivutiki mpaka bandarini kinapimwa hukohuko baharini kinatiwa moto. Ushahidi umeshakuwa majivu, nahodha aje aseme nini, na kesi yenyewe inasikilizwa na balozi wa Kiingereza pale Unguja. Na jahazi la halali lingeweza kukutwa na baharia ambaye ni mtumwa wa mwenye chombo, haendi kuuzwa popote, yupo kazini, hapo hesabu inategemea moyo wa kapteni. Malalamiko yalizidi mpaka London yenyewe mwishoni mwa miaka ya 1860 ikatoa maagizo mapya kuwatuliza.

Ya tatu ndo naipenda zaidi: "Jahazi lenye bendera ya Ufaransa lilikuwa la Mfaransa." Labda kwa mtu aliyeliona kwa mbali! Wengi walikuwa watu wa Sur kule Oman, wengine wa Ngazija na visiwa vya huko ambako Mfaransa alikuwa na mkono wake. Ilikuwa hivi, Ufaransa ilikataa katakata Mwingereza asachi chombo chenye bendera yake, kwahiyo nahodha akishapata karatasi za Kifaransa anapita mbele ya manowari anaangaliwa tu. Wapo waliozitumia kwa kusafirisha watumwa, na wapo waliokuwa na tende na samaki wao wa chumvi hawataki tu usumbufu wa kusimamishwa kila siku. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa HMS London, ile meli kuukuu iliyowekwa nanga Unguja kama kituo cha doria, alilisogelea jahazi karibu na Pemba, lina bendera ya Ufaransa, akaenda kwa nia ya kuangalia karatasi tu, silaha hazipo tayari. Ndani wamo watumwa. Watu wa jahazi wakammiminia risasi, akafa palepale kwenye boti yake.

Mzozo wa hizo bendera haukuishia baharini, ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, Uholanzi. Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905: karatasi walizopewa raia wa Sultani wa Muscat, yaani Oman, kabla ya tarehe 2 Januari 1892 ziheshimiwe, baada ya hapo Ufaransa haina ruhusa ya kumpa mtu bendera isipokuwa aonyeshe kwamba alihesabiwa yuko chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Yaani mataifa makubwa mawili yanakaa Ulaya kubishana kuhusu majahazi ya watu wa Sur.

Sasa hizo karatasi. Kuna wanaosema kuandika namba kwenye chombo ilikuwa usajili wa kawaida tu kama namba ya gari. Mkataba wa Brussels wa 1890, ule wa mataifa wa kuzuia biashara ya watumwa, ulisema jina la chombo na tani zake zichongwe na kupakwa rangi nyuma kwa herufi za Kizungu, na kwenye matanga ziwekwe herufi za bandari yake na namba yake kwa rangi nyeusi. Mwenye chombo aonyeshe ana mali isiyohamishika hapo au mdhamini, awe na sifa njema, na ruhusa kila mwaka inaanza upya. Baharia mweusi anaulizwa kwanza kama amekubali kazi kwa hiari, abiria naye anahojiwa, majina yote yanaandikwa. Kwa mtu aliyeibwa kwao hilo swali lingeweza kumuokoa, siwezi kulibeza. Ila chombo gani kinaingia kwenye sheria hii? Kile chenye umbo au matanga ya kienyeji, au ambacho nahodha na mabaharia wake wengi asili yao ni pwani hizi. Yaani unatambuliwa kwa sura. Vyombo vidogo visivyo na sitaha nzima, watu wasiozidi 10, vya uvuvi wa karibu au vinavyokwenda bandari hadi bandari ya nchi moja bila kutoka maili 5 nje, vilisamehewa hiyo orodha ndefu ya majina vikapewa leseni ya mwaka tu.

Mwisho ile ya kwamba stima iliua jahazi. Meli za barua za kampuni ya British India zilianza kuja Unguja mwaka 1872, lakini stima haiingii kwenye vijibandari vya mikoko, haiendi kuchukua boriti Rufiji wala Lamu. Mombasa ndo utaona vizuri, gati za kina kirefu za Kilindini zilifunguliwa 1926 meli zikahamia huko, ila Bandari ya Kale kaskazi ikivuma ilikuwa inajaa majahazi kutoka Ghuba, chumvi, tende, mazulia, yakisubiri kusi yarudi na boriti. Na vita vya pili vya dunia vilipochukua meli, serikali hiyohiyo ya karatasi na namba ikageukia majahazi yabebe mizigo.