Kuoksidisha kemikali kwa njia "safi": tunavyoamini na mambo yalivyo

Kuna kitu kinanikera kila nikiona watu wanajadili kemia ya kijani, yaani kutengeneza kemikali bila kuchafua mazingira, mtu akishasikia tu kuna kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa) na kuna oksijeni basi kwake kesi imeisha, kiwanda ni kisafi. Uoksidishaji, yaani kuipa kemikali oksijeni ili igeuke kitu kingine, ni kati ya kazi kubwa kabisa za viwanda vya kemikali, huko ndiko zinakotoka malighafi za nailoni, za chupa za plastiki, za sponji, za kulanti ya injini na vitu vingine kibao, kwa hiyo ukikosea hapa umekosea pakubwa. Mimi huwa nauliza: hiyo oksijeni imetoka wapi, imekuja na nini, na kilichobaki kimeenda wapi?

Nianze na hii maana ndiyo naisikia kuliko zote: "Ukitumia hidrojeni peroksaidi, taka ni maji tu."

Ndani ya tangi la mmenyuko ni kweli, peroksaidi inatoa oksijeni yake moja na kinachobaki ni maji. Lakini peroksaidi haichotwi mahali, inatengenezwa, na karibu yote duniani inatengenezwa kwa njia ya anthrakwinoni, kemikali ya kaboni inayobeba hidrojeni: unaipa anthrakwinoni hidrojeni kwa kichocheo cha paladiamu, halafu unapuliza hewa, peroksaidi inatoka na anthrakwinoni inarudi kwenye mzunguko. Na hiyo hidrojeni mara nyingi imetoka kwenye gesi asilia, ambako imeshaacha kaboni dayoksaidi nyuma yake. Kwahiyo uchafu upo, ila umebaki kiwanda kingine ambacho hukuangalia.

Chukua asidi ya adipiki, moja ya viungo viwili vya nailoni 6,6. Njia ya kawaida inamalizia kwa asidi ya nitriki na hapo inatoka nitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo 1 yake inapasha dunia joto kama kilo 273 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na juu ya hapo inakula tabaka la ozoni. Kiwanda kisicho na mtambo wa kuivunja kinatoa kama kilo 300 za gesi hiyo kwa kila tani ya adipiki. Piga hesabu mwenyewe, inakuja sawa na tani 82 hivi za kaboni dayoksaidi kwa tani moja tu ya bidhaa. Tani 82 jamani!

Mwaka 1998 mkemia Ryoji Noyori na wenzake huko Japani wakaonyesha njia nyingine kabisa, unachukua sikloheksini (kimiminika cha kaboni na hidrojeni), unaweka peroksaidi ya asilimia 30, tangsteni kidogo kama kichocheo, na chumvi maalumu ya kuvikutanisha vimiminika viwili ambavyo havichanganyiki, basi, hakuna kiyeyusho cha mafuta wala klorini, na ukipoza unapata fuwele za adipiki zisizo na rangi zimejitenga zenyewe. Naipenda sana kazi hii. Ila kila molekuli ya adipiki inakula molekuli 4 za peroksaidi, ambayo kwa uzito ni kama kilo 0.93 za peroksaidi halisi kwa kilo 1 ya adipiki, yaani karibu kilo kwa kilo, wakati adipiki yenyewe ni kemikali ya kuuzwa kwa matani na bei yake haiwezi kubeba gharama hiyo. Ndio maana mpaka leo viwanda vikubwa bado vipo na asidi ya nitriki, na wengi walichofanya ni kufunga mitambo ya kuvunja ile gesi kabla haijatoka nje.

Sasa mtu akisikia hivyo anaruka upande wa pili: "Kumbe peroksaidi ni ya maabara tu, kiwandani hailipi." Hapana, inategemea unatengeneza nini. Propilini oksaidi, malighafi ya sponji, kwa njia ya zamani ya klorini na chokaa inaacha karibu tani 2 za kalsiamu kloraidi kwa kila tani ya bidhaa, na maji machafu mengi mno. Lakini kuna kichocheo kinaitwa TS-1, ni titaniamu iliyopachikwa ndani ya silika yenye vitundu vidogo sana, kilitoka Italia miaka ya 1980 mwanzoni, hicho kinaunganisha propilini na peroksaidi moja kwa moja. Hapa molekuli moja inahitaji peroksaidi moja tu, kwa uzito kilo 0.59 kwa kilo, na mtambo wa peroksaidi unaweza kujengwa hapohapo jirani. Kampuni za BASF na Dow ziliwasha kiwanda cha namna hiyo Antwerp, Ubelgiji, mwaka 2008, uwezo wake tani 300,000 kwa mwaka, na kwa hesabu zao wenyewe maji machafu yalipungua asilimia 70 mpaka 80 na nishati asilimia 35. Oksijeni ileile, kemikali tofauti, na hesabu ikakubali.

"Hewa ni bure na ni ya asili, kwahiyo kuoksidisha kwa hewa ndio usafi na usalama wenyewe." Hii ndiyo inayonitia hofu. Shida ya hewa sio kuanza, shida ni kusimama. Kitu chochote chenye kaboni kikipewa oksijeni kinataka kwenda mpaka mwisho, kiwe kaboni dayoksaidi na maji, na mara nyingi bidhaa unayoitaka inashika oksijeni kirahisi zaidi kuliko malighafi uliyoanza nayo. Ndio maana sikloheksani (malighafi ya njia ya kawaida ya adipiki, sio sikloheksini ya Noyori) ikipulizwa hewa wanaikatisha mapema, inageuka sehemu ndogo tu, kwa kawaida chini ya asilimia 10, halafu iliyobaki inarudishwa kuzungushwa tena na tena. Maana yake kiwandani muda wote kuna sikloheksani nyingi, ya moto, chini ya shinikizo.

Kule Flixborough, Uingereza, walikuwa na matangi sita ya kazi hiyo yamepangwa mfululizo. La tano likapata ufa, wakalitoa, wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda lenye upana wa inchi 20 wakati midomo ya matangi ilikuwa ya inchi 28. Tarehe 1 Juni 1974 bomba likaachia, wingu la sikloheksani likatoka na kulipuka, watu 28 wakafa, 18 kati yao ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Na ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi ya kawaida wangekufa wengi zaidi. Kioksidishaji chao kilikuwa hewa hiihii tunayovuta.

"Haya mambo ni fasheni mpya." Wala. Ethilini oksaidi, malighafi ya kulanti na chupa za plastiki, kwa kichocheo cha fedha, yaani fedha ya madini, Theodore Lefort wa Ufaransa aliigundua 1931 na kampuni ya Union Carbide ya Marekani ikaiingiza kiwandani 1937, na ikaja kuisukuma pembeni njia ya klorini.

Ya mwisho ni hii ya "kichocheo hakimaliziki, kwahiyo hakina taka." Kichocheo kinachoka jamani, kinapata sumu, chembe zake zinashikana zinakuwa kubwa na uso wa kufanyia kazi unapungua. Kibaya zaidi, kwenye vimiminika metali inaweza kuvuja kutoka kwenye kigumu, kromiamu na vanadiamu zinajulikana kwa tabia hiyo, halafu mtu anasifia kichocheo kigumu cha kutumia tena na tena kumbe kazi yote imefanywa na metali iliyoyeyuka ambayo inaishia kwenye bidhaa au maji machafu. Kipimo chake ni rahisi: chuja mmenyuko ukiwa katikati, uache uendelee bila kigumu, kama bado unasonga basi metali iko kwenye kimiminika. Ila uchuje ukiwa bado wa moto, maana ukisubiri upoe metali inaweza kurudi kushika kwenye kigumu na jibu utakalopata litakuwa la uongo.