Je, wajua sumu ya jani la tumbaku hupikwa mizizini?

Mkulima wa tumbaku kule Tabora hukata ua la juu ili nguvu ya mmea iende kwenye majani. Kwa kisu hicho hicho huwa anauchochea mmea uongeze nikotini. Kidonda ni sehemu ya sababu. Nyingine ni kwamba ncha iliyokatwa ilikuwa ikitoa homoni ya ukuaji, na homoni hiyo huzuia utengenezaji wa nikotini.

Nikotini inayomnasa mvutaji ni silaha ya mmea. Mdudu akila jani, nikotini hushambulia mfumo wake wa fahamu, akatetemeka na kupooza. Lakini jani silo linaloitengeneza. Katika miaka ya 1940 watafiti walibebesha shina la nyanya juu ya mizizi ya tumbaku, na majani ya nyanya yakajaa nikotini. Walipogeuza, shina la tumbaku juu ya mizizi ya nyanya, majani yalikuwa karibu hayana kitu.

Basi mizizi, iliyo gizani chini ya udongo, inajuaje kwamba juu kuna kiwavi?

Jani likijeruhiwa, ndani ya dakika chache seli zake huchukua mafuta ya kwenye utando wake na kuyageuza kuwa homoni iitwayo jasmoneti. Jina limetokana na asumini: mwaka 1962 jamii moja ya kemikali hii ilitambuliwa katika mafuta ya ua hilo. Habari ya jeraha huteremka hadi mizizini.

Hapo ndipo penye uhondo wenyewe. Kila seli ya mzizi tayari inazo jeni za kutengeneza nikotini, na ina protini iitwayo MYC2 inayoweza kuziwasha. Ila MYC2 imeshikwa na walinzi, protini za kundi la JAZ, zilizogunduliwa mwaka 2007. Jasmoneti inapofika, huwaunganisha walinzi hao na protini nyingine, COI1, ambayo huwatia alama ya kuangamizwa. Seli huwasaga. MYC2 ikishaachiwa, pamoja na wenzake kama ERF189, huziamsha jeni, vimeng'enya hutengenezwa, nikotini hupikwa, kisha hupanda na maji hadi majanini na kuhifadhiwa ndani ya seli.

Mimi hunivutia zaidi kinachofuata: miongoni mwa jeni zinazowashwa na MYC2 zimo zile za JAZ zenyewe. Yaani anayefunguliwa huita walinzi wapya waje kumfunga. Mmea hauna budi, kwa sababu sumu ni ghali. Kila molekuli ya nikotini hula atomi 2 za naitrojeni, kirutubisho kile kile ambacho mkulima hukinunua kwenye mbolea.

Na wapo wadudu wasioijali. Kiwavi wa nondo Manduca sexta, wa Amerika, hula tumbaku bila kudhurika. Tumbaku-mwitu ya Utah, Marekani, humtambua kwa mate yake. Hapo hutoa etilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi, na jeni za nikotini hupunguzwa kasi. Badala yake majani hutoa harufu inayoenea hewani, na wadudu wawindaji huifuata hadi kwenye mmea, wakala mayai ya nondo na viwavi wachanga.