Ufugaji wa hobi maana yake nini, na mbona unakula hela hivi

Mtu akisikia "ufugaji wa hobi" kichwani inakuja picha ya kuku watatu wanazurura bustanini, mbuzi kafungwa chini ya mti, na mwenye shamba kakaa kwenye kiti anakunywa chai. Picha nzuri sana, ila mtu anayezoa mavi ya banda haonekani humo, na mtu huyo ndo mimi na wewe. Kwa hiyo tuanze na neno lenyewe kabla hujaenda kununua chochote.

Shamba la hobi ni shamba ambalo mwenyewe halimpi riziki yake. Riziki yake inatoka kwingine: mshahara, biashara, pensheni, chochote. Mfugaji wa kujikimu mbuzi wake akikauka maziwa nyumba inalala na shida, mfugaji wa biashara anapiga hesabu ya faida kwa kila kichwa na asiyelipa anaondoka, ila wa hobi hata mifugo yote igome kutaga na kukamuliwa bado kodi ya nyumba italipwa. Ukubwa wa eneo sio kigezo sana. Kuna mwenye kuku 50 anasomesha watoto kwa hao hao kuku, na kuna mwenye ng'ombe kumi ambao kwa kweli ni burudani yake tu hata kama mbele za watu anajiita mwekezaji.

Hata watu wa kodi wanahangaika na huo mstari. Marekani kwa mfano, kama shughuli imetoa faida miaka 3 kati ya 5 basi inachukuliwa kwamba unaifanya kibiashara, lakini kwa ufugaji wa farasi wamelegeza ikawa miaka 2 kati ya 7. Yaani hata mkusanya kodi anajua farasi anakula hela kwanza, mengine baadaye.

Sasa kitu ambacho wengi hawakioni ni hiki: hilo neno hobi linahusu mfuko wako wewe, mnyama halimhusu. Mbuzi hajui kwamba wewe unafuga kwa kujifurahisha. Ng'ombe wa maziwa siku ya joto anaweza kumaliza lita 100 za maji, na atazitaka hizo lita 100 awe wa kampuni kubwa au wa mtu anayefuga kupunguza stresi za ofisini. Minyoo nayo haiulizi. Kazi ni ile ile, tofauti ni kwamba mwenzako wa biashara ana wafanyakazi na ananunua chakula kwa jumla, wewe unabeba gunia moja moja baada ya kazi.

Tuje kwenye gharama, na naanza na chakula kwa sababu ndo kinachomeza hela nyingi kuliko vyote. Chukua kuku wa mayai. Anakula kama gramu 120 kwa siku, atage asitage, kwa mwaka hiyo ni karibu kilo 44. Kuku mzuri kwenye mwaka wake wa kwanza akikupa mayai 250, kila yai limebeba gramu 175 hivi za chakula, sio mbaya. Lakini mayai yanapungua mwaka hadi mwaka, akizeeka akafika mayai 100 kwa mwaka basi kila yai limekula gramu 440, na yai lenyewe lina gramu 60! Hapo hujaweka banda, chanjo, maranda ya kulalia, wala yule aliyebebwa na kicheche. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema, na kwenye hobi watu wengi daftari hawataki hata kuliona maana wanajua litasema nini. Mimi nasema andika tu. Sio ili upate faida, ni ili ujue burudani yako inakugharimu kiasi gani, kama vile mwenye pikipiki anavyojua anaweka mafuta ya ngapi.

Afu kuna gharama ambazo zimejificha ndani ya mnyama mwenyewe. Mtu anasema nataka mbuzi mmoja wa maziwa. Haya, kwanza mbuzi mmoja hamna, mbuzi ni mnyama wa kundi, ukimweka peke yake atalia mchana kutwa mpaka majirani wakuchukie, kwa hiyo ni wawili. Pili maziwa hayaji bila kuzaa, kwa hiyo unahitaji beberu, na beberu akiwa kwenye msimu wake ananuka kiasi kwamba hata nguo za kwenye kamba zinapata habari. Mimba inachukua siku 150, wanazaliwa wawili mara nyingi, na mara nyingi mmoja wapo au wote ni madume. Utawafanyia nini hao madume? Swali hilo lijibu kabla ya kununua, sio siku wanapozaliwa wakiwa wazuri wana masikio marefu na watoto wako wameshawapa majina. Kuku hivyo hivyo, ukitotolesha mayai siku 21 baadaye una vifaranga na karibu nusu yao ni majogoo, na majogoo sita kwenye banda moja ni vita.

Afya ndo sehemu ambayo hobi inaumiza zaidi. Hapa kuna hesabu ya ajabu kidogo: kumuita daktari wa mifugo kwa ajili ya kuku mmoja mara nyingi ni ghali kuliko huyo kuku. Mfanyabiashara haumizwi kichwa na hilo, anachinja au anatupa anaendelea. Wewe utamuita daktari. Nakuambia ukweli utamuita, maana huyo kuku anakufuata mpaka mlangoni.

Ila mengi yanazuilika kwa kujua vitu vidogo. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku, Newcastle) ni rahisi mno ukilinganisha na kuamka asubuhi ukakuta banda zima limelala chini. Nafaka funga kabisa, mbuzi akivamia gunia la mahindi tumbo linachachuka, linajaa asidi, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na wewe ulidhani umemfurahisha. Kondoo usimpe madini ya mbuzi, yana shaba nyingi, na kondoo shaba inajikusanya kwenye ini lake taratibu bila dalili yoyote mpaka siku inapommaliza. Watu wanaochanganya mbuzi na kondoo zizi moja wanajifunza hili kwa machozi.

Na minyoo. Kosa la kawaida ni kuwanywesha wote dawa kila baada ya miezi kadhaa kwa kalenda, matokeo yake minyoo inazoea dawa na siku unayoihitaji kweli haifanyi kazi. Kuna njia iliyotengenezwa Afrika Kusini inaitwa FAMACHA, unashusha kope la chini la mbuzi au kondoo unalinganisha rangi ya ndani na kadi yenye rangi tano, 1 ni nyekundu nzuri na 5 ni nyeupe kama karatasi. Nyeupe maana yake damu imenyonywa na ule mnyoo unaoishi tumboni. Unawatibu waliopauka, wengine unawaacha. Inachukua muda mfupi tu kwa mnyama na inakulazimisha uwashike mmoja mmoja, na hapo ndo utagundua kidonda, kupe, kwato zilizokua zikapinda, mambo ambayo kwa mbali usingeyaona.

Lakini ukiniuliza mimi gharama kubwa kuliko zote sio hela. Ni kufungwa. Kamba unamfunga mbuzi ila aliyefungwa ni wewe. Wa maziwa anakamuliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa karibu miezi kumi, harusi iwepo isiwepo, mvua inyeshe, uwe na homa. Ukiruka kiwele kinajaa, kinauma, kinaweza kuvimba na kuugua. Safari ya wikendi inakuwa mradi: nani atakamua, anajua kukamua, mbuzi wenyewe watamkubali? Ndugu atasema "mimi nipo, niachie tu" na ukirudi unakuta geti lilibaki wazi na bustani ya jirani imebaki vijiti. Kabla hujanunua mnyama wa kukamuliwa tafuta kwanza mtu wa kukamua ukiwa haupo, akikosekana nunua kuku, kuku ukimwekea maji na chakula cha kutosha na banda lililofungwa vizuri anaweza kukusamehe siku moja.

Sasa mbona watu bado wanafuga? Maana mpaka hapa inaonekana kama adhabu.

Mayai na maziwa yapo, ndiyo, na ni matamu, ila maziwa chemsha hata kama mbuzi ni wako na unampenda, ugonjwa wa brusela unapita kwenye maziwa mabichi, na mnyama akipewa dawa subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ndo uyanywe. Mbolea nayo ni zawadi ambayo watu hawaihesabu: mavi ya mbuzi na sungura ni mapole, ya kuku ni makali yanachoma mizizi mpaka uyaozeshe kwanza, lakini ukiwa na bustani hiyo peke yake inarudisha sehemu ya gharama.

Ila raha yenyewe iko kwenye kujua. Baada ya mwaka unamjua mnyama mmoja mmoja kwa namna ambayo mwenye kuku elfu tano hawezi. Unajua huyu akisimama pembeni masikio yamelala kuna kitu. Unasikia mlio wa kuku aliyeona mwewe na mlio wa kuku aliyetaga, ni tofauti kabisa. Umeshika mtoto wa mbuzi bado ana ute, umemfuta pua, dakika kumi baadaye anasimama kwa miguu inayotetemeka anatafuta chuchu upande usio sahihi. Mtoto wa nyumbani anayeona hivyo hahitaji kuelezwa uhai unaanzaje, na siku kuku wake akifa anaelewa pia upande wa pili. Na kuchinja, kwa wanaochinja, ni jambo lake. Wengine wanasema usimpe jina mnyama utakayemla. Mimi naona jina sio tatizo, tatizo ni kutoamua mapema nani ni wa nini.

Mimi nina mtetea mmoja ana miaka sita sasa. Kwenye daftari safu yake ya mayai ni dashi tupu tangu zamani, na gramu zake 120 anazikula zote bila aibu na anawafukuza wadogo kwenye chombo cha maji. Jirani aliniuliza juzi mbona simchinji. Nikamwambia huyo ndo hobi, hao wengine wote wanajitahidi kuwa biashara.