strncpy kwenye draiva: usikimbilie kuzima onyo

Chukua draiva ya zamani ya Linux inayotumia strncpy (fankisheni ya C ya kunakili stringi, yaani maandishi), ikompaili na GCC 8 au ya juu yake ukiwa umewasha W=1 (maonyo ya ziada ya kerneli), utaona maonyo ya -Wstringop-truncation (stringi inaweza kukatwa) yanamwagika, na mengi yanaangukia mstari wa aina hii:

strncpy(info->driver, drv_name, sizeof(info->driver));

Wengi wanachofanya wanaweka "- 1" pale mwisho, onyo linapotea, pachi (faili la mabadiliko ya kodi) inatumwa. Mi hiyo huwa naikataa kwa sababu hujaonyesha ile baiti ya mwisho, ile sifuri inayofunga stringi ya C, nani kaiweka, labda bafa (memori inayopokea jina) ilishasafishwa huko juu, labda haikusafishwa, na anayesoma pachi yako hawezi kujua. strncpy ndo ilivyo, jina likifika kikomo haifungi stringi na sifuri, atakayekuja kuisoma anapitiliza mpaka kwenye memori isiyomhusu.

Mi kabla sijagusa kitu naangalia hiyo fildi ni stringi kweli au ni baiti tu zimepangwa? info->driver ni baiti 32 na inasomwa kama stringi, basi weka strscpy umemaliza. Ipo kwenye kerneli tangu 4.3 ya mwaka 2015, inafunga na sifuri yenyewe, na jina lisipoenea inakurudishia kosa la -E2BIG.

Sasa njoo kwenye SCSI, itifaki ya diski na vifaa vya kuhifadhia. Kwenye majibu ya INQUIRY (amri ya kukiuliza kifaa ni nini) jina la mtengenezaji lina baiti 8, la modeli 16, nafasi inayobaki inajazwa spesi na hakuna sifuri ya kufungia. Ukipachika strscpy hapo kompaila itanyamaza kabisa, ila jina la herufi 8 litatoka na 7 halafu sifuri moja imekaa pasipotakiwa. Hapo ni memcpy, inayonakili baiti kama zilivyo, au strtomem_pad ukiipa spesi ya kujazia, na fildi yenyewe uiwekee alama ya __nonstring ili kompaila ijue kukosa sifuri ya kufungia ni makusudi.

Kinachoniogopesha zaidi ni hizi pachi za kubadilisha faili zima kwa sed (programu ya kutafuta na kubadilisha maneno). strncpy, pamoja na ubaya wake wote, jina likiwa fupi inajaza sifuri mpaka mwisho wa bafa, strscpy haifanyi hivyo. Kama ni strakti iko kwenye staki na inaenda kwa programu ya yuza kupitia ioctl (njia ya programu kuongea na draiva) bila kusafishwa kwanza, yale masalia ya memori ya kerneli nayo yanatoka, yaani umeondoa onyo ukaleta tundu la usalama ambalo hakuna kompaila itakuambia. Tumia strscpy_pad, inayojaza sifuri mpaka mwisho, au safisha strakti yote na memset kwanza.

Na angalia sizeof, kama dst (mahali unaponakilia) ni pointa tu kwenye mashine ya biti 64 utapata 8, jina linakatwa bila kelele. strlcpy, fankisheni nyingine ya zamani ya kunakili stringi, nayo sahau, ilishaondolewa kwenye kerneli 6.8.